Sanamu za Kununua na Vita vya Handeni

Sanaa ya kuunda vitu vidogo kwa mfano wa vitu vikubwa si ngeni kwetu. Watoto wa Handeni na Korogwe wamefinyanga ng'ombe wa udongo, wameyavika magunzi ya mahindi vitambaa na kuyaita wana, na wamekata bunduki za migomba, tangu zamani ambapo hapakuwa na duka la vitu vya kuchezea. Jambo geni ni jingine. Siku hizi kijana aweza kununua mfuko wa askari wa plastiki, waliokwisha kupewa sura, sare na silaha na fundi wa nchi ya mbali, kisha akawakata, akawapinda na kuwapaka rangi mpaka wakawa, kwa nia yake, watu wa kwao. Katika makala hii tunakusudia kuipima kazi hiyo kama tunavyopima shairi au kinyago. Wapo watakaosema kwamba huo ni mchezo wa watoto, wala haustahili kuhakikiwa. Sisi hatukubaliani nao. Kitu kinachowekwa mbele ya wanafunzi ili kiwaambie wazazi wao walikuwa watu gani, hicho si mchezo tena.

Kielelezo kilichotupa fikra hizi tulikiona katika shule moja ya sekondari upande wa Korogwe. Mwalimu wa historia na wanafunzi wake walitwaa ubao wenye ukubwa wa meza, wakatandaza udongo mwekundu juu yake, wakasimamisha vijiti vya miiba kuwa miti, na nyuma wakachora milima ya Usambara. Kati ya miti wakapanga askari wapatao sitini, kila mmoja akiwa na urefu usiozidi ncha ya kidole. Kibao kilichobandikwa kilisema kwamba hiyo ndiyo njia ya Handeni, Juni 1916.

Yafaa tukumbushane habari yenyewe kwa ufupi. Mwezi wa Mei mwaka 1916 jeshi la Waingereza, chini ya Jenerali Jan Smuts, liliteremka kando ya mto Pangani likiifuata reli ya Tanga na Moshi. Katikati ya Juni Korogwe, mahali ambapo reli hiyo ilikuwa imefika mwaka 1902, palikuwa mikononi mwake. Siku chache baadaye, Handeni nayo. Tarehe 24 Juni yakatokea mapigano ya mto Lukigura, kusini ya Handeni. Wadachi, kwa upande wao, walikuwa wamejenga reli ndogo ya vitoroli kutoka Mombo hadi Handeni ili kusukuma shehena kuelekea upande wa Reli ya Kati. Nchi hii ilikuwa na mbung'o, na wanyama wa mizigo walikufa kwa wingi. Basi mizigo ya majeshi yote mawili ikapanda vichwani mwa watu.

Tukianza na sifa, kazi ile ilikuwa na mengi ya kupongezwa. Nyasi zilifanywa kwa nyuzi za mkonge zilizochovywa katika rangi ya majani makavu. Hapo wanafunzi walitumia kitu cha nchi yao, tena kwa akili. Kipimo nacho kilifuatwa. Sanamu zile ni za kipimo cha moja kwa sabini na mbili, yaani mtu wa sentimita 170 huwa na urefu wa milimita 24 hivi. Kwa hiyo nyasi za mita mbili lazima zifike karibu milimita 28, zimfunike mtu kichwa. Wanafunzi walilijua hilo, na askari wao walizama katika nyasi kama walivyozama wale wa kweli. Aliyewahi kukata njia katika vichaka vya Handeni baada ya masika hatahitaji kuelezwa.

Askari wenyewe waligeuzwa kwa bidii. Kofia ya chuma, ambayo haikuwapo katika vita vya huku, ilipunguzwa kwa wembe, na juu yake likajengwa tarbushi kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Nyuma ya tarbushi kikaning'inizwa kipande cha karatasi laini iliyolowanishwa kwa gundi, kiwe pazia la kukinga shingo na jua. Miguuni wakazungusha uzi mwembamba, kwani askari wa zama zile walifunga vitambaa kuanzia kifundo cha mguu hadi gotini. Kisha kila mwili ukaoshwa kwa sabuni kabla ya kupakwa rangi, maana plastiki laini ina mafuta na rangi hubanduka upesi. Huo ndio ufundi, na ufundi ni nusu ya sanaa.

Nusu ya pili ndiyo iliyopungua. Siku ya maonyesho alialikwa mzee mmoja wa Kizigua. Baada ya kuamkiwa na wanafunzi na kuitikia, aliinama juu ya ubao kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza mwalimu, "Mwalimu, wanangu hawa wote wanakula nini?" Mwalimu akamwonyesha mahema yaliyokuwa pembeni. "Na hicho kilichomo mahemani, kililetwa na nani?" Mwalimu hakuwa na la kujibu. Mzee akasema kwa upole, "Babu yangu alipita njia hii na mzigo. Humu simwoni."

Uhakiki wetu wote umo katika maneno ya mzee huyo. Waswahili husema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Mfuko wa askari wa plastiki huwa na mtu anayepiga magoti na kulenga, anayelala na kulenga, anayekimbia na singe, anayetupa bomu la mkono, na ofisa mwenye darubini. Aliyeutengeneza alikuwa akiifikiria vita ya kwao, ambayo ndani yake chakula huletwa kwa magari na treni. Hakumweka mpagazi kwa sababu katika vita hiyo hakumwona. Mwanafunzi wetu anapoununua mfuko huo, hanunui sanamu tu. Hununua na jibu la swali ambalo hakuliuliza, yaani swali la nani alikuwamo vitani. Akiwabadilisha kofia na rangi, kisha akawapanga kama walivyokuja, amelikubali jibu hilo bila kujua.

Na upungufu huo si mdogo. Wanahistoria hukadiria kwamba, katika vita vyote vya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1914 hadi 1918, wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake walifika 95,000 au kuzidi. Walio wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Mwalimu wa hesabu naye aweza kusaidia hapa. Mtu aliyebeba ratili 50 za unga, akila ratili 2 kwa siku, atakuwa ameumaliza mzigo wake mwenyewe kwa siku 25, kabla askari hajaonja. Ndiyo maana nyuma ya kila mwenye bunduki ilibidi uwepo msururu wa watu wasio na bunduki. Kielelezo kinachoonyesha bunduki sitini bila kichwa kimoja chenye mzigo kimeonyesha jambo lisilowezekana. Jeshi hilo lingekufa njaa kabla ya kuvuka Korogwe.

Lakini tusiwaonee wanafunzi, kwa maana kosa hili limewapata hata wakubwa. Dar es Salaam ipo Sanamu ya Askari, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, iliyozinduliwa mwaka 1927. Juu ya jiwe lile kasimama askari peke yake na bunduki yenye singe. Si mbali na hapo, mtaa mzima wa Kariakoo umebaki na jina la kikosi cha wapagazi. Nairobi, katika ukumbusho wa vita hivyo hivyo, wamesimama watu watatu juu ya jiwe, na mmoja wao ni mpagazi. Tunawasihi walimu wawaonyeshe wanafunzi picha za kumbukumbu hizo mbili pamoja, wakawaulize tofauti yake ni nini.

Liko na suala la rangi, ambalo wengi hudhani ndilo pekee. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa mwanasesere wa kiaskari aitwaye G.I. Joe, mwenye urefu wa sentimita 30 hivi na viungo vya kukunjika. Mwaka 1965 ikamtoa mwenziwe mweusi. Lakini kichwa cha huyo mweusi kilitoka katika kalibu ile ile ya mweupe. Rangi ndiyo iliyobadilishwa. Basi tusijidanganye kwamba mtu huwa wetu kwa kupakwa rangi yetu. Katika sanamu ya milimita 24 uso hauonekani sana, ni kweli. Ila mwili huonekana wote. Namna ya kusimama, ya kubeba, ya kuchuchumaa na ya kupumzika ndiyo sura ya mtu mdogo kiasi hicho. Hapo ndipo mgeuzaji hutambulikana kama anawajua watu wake au hawajui.

Sasa tujiulize: je, ingekuwa heri kuyatupa hayo ya plastiki, tukafinyanga yetu tangu mwanzo? Swali hili ni zuri, hasa katika nchi hii. Wazigua, Wanguu na Wasambaa walikuwa na vinyago vya udongo vilivyotumika katika jando na unyago. Hans Cory, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Tanganyika, alivikusanya na kuviandikia kitabu kilichotoka London mwaka 1956. Mafunzo yenyewe si ya kufichuliwa katika kurasa hizi. Latosha kusema kwamba kila kinyago kiliambatana na wimbo wake na maana yake, na kwamba kinyago bila wimbo kilikuwa udongo tu. Mfinyanzi wa vinyago hivyo hakujali vidole wala vifungo. Alijali jambo moja ambalo mwari alipaswa kuliona, akalikuza hilo na kuyaacha mengine. Askari wa plastiki ni kinyume chake. Kila kifungo kipo, kila mfuko wa risasi upo, ila hana neno la kumwambia mwari.

Hata hivyo hatusemi kwamba cha kuazima kitupwe. Sisi tunaoshughulika na ushairi tunajua kwamba babu zetu waliazima, tena waliazima askari. Katika karne ya kumi na nane washairi wa pwani ya kaskazini walitunga tenzi za vita vya dini vilivyopiganwa mbali, baina ya Waarabu na Warumi. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, ni wa namna hiyo. Hapo palikuwa na mashujaa waliokwisha kutengenezwa, wenye farasi, panga na bendera. Wadachi walipoiingia Mrima mwaka 1888, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa upande wa Tanga, aliichukua bahari ile ile ya utenzi akaimimina vita ya kwao. Ndiyo vita aliyopigana Abushiri hadi aliponyongwa Pangani mwaka 1889, na Bwana Heri wa Saadani, kiongozi aliyefuatwa na Wazigua, mpaka mwaka 1890. Umbo lilikuwa la kuazima, na watu waliomo ni wa Mrima. Shaaban Robert naye, alipotunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, alitumia umbo hilo hilo kwa vita vya mwaka 1939 hadi 1945. Hakuna anayewalaumu kwa kuazima. Twawasifu kwa sababu walipoazima walibadilisha ndani, na hawakukomea kwenye nguo.

Kwa hiyo kipimo chetu ni hiki. Mgeuzaji mwema ni yule anayemlazimisha askari wa kununua aseme jambo ambalo mtengenezaji wake hakulijua. Mgeuzaji dhaifu ni yule anayemwacha aseme la kwao kwa lafudhi ya kwetu.

Muhula uliofuata tulirudi shuleni pale, tukakuta mwalimu na wanafunzi wameyatia maanani maneno ya mzee. Walikuwa wameondoa askari ishirini na kuwageuza wapagazi. Hapo ndipo kazi yao ilipoanza kuwa sanaa, na ndipo makosa yao yalipoanza kuwa ya maana.

Kwanza, walimchukua yule mtupa bomu, ambaye mkono wake umeinuliwa juu ya kichwa. Walikata bomu kwa wembe, wakaweka mzigo kichwani, na mkono ule ule uliokuwa ukitupa sasa ukawa umeushika mzigo usianguke. Wazo hili lilitufurahisha sana. Lakini walisahau miguu. Mtupa bomu hupanua miguu na kupinda kiuno nyuma ili apate nguvu. Mwenye mzigo wa ratili 50 kichwani akifanya hivyo atavunjika mgongo. Mpagazi hunyoosha shingo, huimarisha kiuno, na hatua zake ni fupi. Plastiki ile hulainika katika maji ya moto. Ingefaa miguu ilainishwe, isogezwe karibu, kisha itiwe katika maji baridi ili itulie hivyo. Mwanafunzi anayetaka kujua hatua hiyo haina haja aifuate kitabuni. Amtazame mama yake akitoka mtoni na ndoo.

Pili, yule mlenga shabaha aliyelala kifudifudi walimwondolea bunduki wakamlaza kando ya njia kuwa mpagazi aliyekufa. Nia ilikuwa njema, na ukweli wa historia ulidai awepo. Lakini viwiko vyake vilibaki vimesimama, na shingo yake imeinuka. Matokeo yake ni maiti inayolenga. Tulimwona mwanafunzi mmoja akicheka, nasi hatukumkemea, kwa maana kosa lilikuwa la sanamu. Mtu aliyemalizwa na kuhara damu hana kiwiko cha kusimamisha. Ilipasa mikono ikatwe begani na ibandikwe upya ikiwa imelegea. Na kama fundi hawezi, basi heri asimwonyeshe maiti. Aonyeshe mzigo uliobaki njiani peke yake, na mtazamaji atamtafuta mwenyewe.

Tatu, mizigo yote ilikuwa sawa: visanduku vilivyokatwa katika kiini cha bua la muhindi, vyote vya pembe nne, vyote vya rangi moja. Kiini cha bua ni kitu chepesi na kizuri kwa kazi hii. Lakini vita haibebwi katika sanduku la namna moja. Palikuwa na magunia ya unga, masanduku ya risasi, mahema yaliyokunjwa, sufuria, na mizigo mizito iliyoning'inizwa kwenye mti na kuchukuliwa na watu wawili mabegani. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika ubao ule mizigo yote ilionekana ni makanda ya usufi, kwa sababu hakuna shingo iliyoonyesha uzito wake.

Isipokuwa moja. Pembeni kabisa ya ubao, chini ya kijiti cha mwiba, binti mmoja wa kidato cha pili alikuwa amemweka mpagazi wake. Zamani huyo alikuwa askari aliyepiga goti kulenga. Binti alikuwa amemtoa bunduki, akaushusha mkono wa kulia mpaka ukalala juu ya goti, na ule wa kushoto akauegemeza kwenye gunia lililotuliwa ardhini. Mavazi yake ni kipande cha karatasi kilichopakwa weusi, mfano wa kaniki. Na kichwani, kwa uzi mmoja uliozungushwa mara tatu, alikuwa amemwachia ngata. Mzigo umetuliwa, ngata bado i kichwani: maana yake ni kwamba ataubeba tena baada ya kitambo kidogo. Hatukuhitaji kibao cha kutueleza. Hapo plastiki ya kununua ilikuwa imesema Kizigua.

Tulimwuliza binti alijifunza wapi, akajibu kwamba hivyo ndivyo bibi yake anavyokaa anapotoka shambani na kuni. Jibu hilo ni somo kamili la uhakiki. Hakutafuta mpagazi wa mwaka 1916 katika picha za maofisa. Alimtafuta katika mwili wa mtu anayemjua, kisha akampeleka vitani. Mshairi hufanya vivyo hivyo anapomtungia marehemu asiyemwona: humkopesha sauti ya jirani.

Walimu wataka shauri la kutendeka, nasi tutalitoa kwa maneno machache. Kabla ya kununua sanamu, wanafunzi waandike orodha ya watu wote waliokuwapo mahali hapo siku hiyo: askari wa pande zote, wapagazi, wapishi, wanawake waliofuatana na maaskari, na wenyeji waliokimbilia vichakani na mbuzi wao. Kisha watazame mfuko wa sanamu na kuuliza nani yumo, nani hayumo, na nani anaweza kugeuzwa kuwa nani. Asiyeweza kupatikana katika plastiki na afinyangwe kwa udongo, hata kama atatofautiana na wenziwe. Tofauti hiyo si aibu. Mtazamaji atakapouliza kwa nini huyu ni wa udongo na wale ni wa plastiki, mwalimu atakuwa amepata mlango wa somo lake. Na kazi ikiisha, aitwe mzee wa kijiji aitazame kabla ya mkaguzi wa elimu.

Tumesikia kwamba mzee yule aliitwa tena shuleni. Alioneshwa msururu wa wapagazi, akautazama kwa adabu, akasema umekuja vizuri. Kisha akafika kwenye pembe ya ubao, kwenye kijiti cha mwiba, akasimama. Aliomba kiti.